Hari ya Kaskazi, Mtungi wa Maji na Mashamba Yetu



Mwezi wa Februari, siku ya mkutano wetu, tulipomaliza kazi tulikaa barazani tukingoja hari ipungue ndipo watu warejee makwao. Umeme ulikuwa umekatika, feni imesimama, na upepo wenyewe hakuna. Mzee mmoja, ambaye mikarafuu yake ina umri mkubwa kuliko wake, alifungua vifungo vya kanzu yake akaniuliza mbele ya watu wote: "Katibu, wewe umesoma skuli. Hebu niambie, jua limetusogelea? Kaskazi za ujana wangu hazikuwa hivi." Nikamjibu, "Mzee wangu, nipe muda, nitakuandikia katika jarida." Kusema kweli niliomba muda kwa sababu jawabu fupi sikuwa nalo. Lililopo ni refu, nalo linapitia katika vitu tunavyovishika kila siku, na mwisho wake linafika kwenye miche yetu inayokufa. Kwa hivyo naomba mnistahamilie.

Kwanza hilo la jua. Ni kweli kwamba dunia haikai mbali na jua kwa kipimo kimoja mwaka mzima. Siku za mwanzo wa Januari huwa karibu zaidi, na tofauti yake na mwezi wa Julai ni kama sehemu tatu katika mia. Lakini Januari hiyo hiyo watu wa Ulaya wanatetemeka kwa theluji, kwa hivyo ukaribu huo si sababu ya hari. Kinachotuumiza sisi ni kusimama kwa jua. Hapa Pemba jua hupita sawasawa juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo wa Machi na siku za mwanzo wa Oktoba, na siku hizo ukisimama adhuhuri kivuli chako unakikanyaga mwenyewe. Haya yalikuwa hivyo zama za babu zetu, na ndivyo yalivyo leo. Jua halikusogea.

Sasa tuutazame mtungi. Tangu waya wa umeme ulipopitishwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga mwaka 2010, watu wengi wamenunua mafriji, na mtungi umetupwa uani. Lakini siku ile ya mkutano friji la ofisini lilikuwa na maji ya vuguvugu, na maji baridi tuliyapata kwa jirani, kwenye mtungi wake uliowekwa pembeni mwa ukuta penye upepo. Mtungi hauna umeme wala barafu. Nani anaupoza?

Ukiupapasa mtungi kwa nje utaona umelowana. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo mno, na maji hupenya humo polepole yakatokeza nje, kisha yakakauka kwa upepo. Siri yote imo katika huko kukauka. Maji hayawezi kugeuka mvuke mpaka yale joto, na joto hilo huyanyakua mahali palipo karibu, yaani kwenye mtungi na maji yaliyomo ndani. Wapishi wanalijua jambo hili ingawa hawakulipa jina. Teleka sufuria ya maji, utaona yanachemka mapema, lakini kuyakausha yote yaishe ni kazi ya muda mrefu na kuni nyingi. Wataalamu wamepima wakaona kwamba kuyageuza maji yanayochemka kuwa mvuke kunataka joto zaidi ya mara tano ya lile la kuyatoa kwenye baridi ya barafu mpaka yachemke. Joto hili lote maji huondoka nalo.

Mwaka 1758, mjini Cambridge katika Uingereza, Benjamin Franklin na mwenzake John Hadley walilijaribu hili kwa namna ya ajabu. Walichukua kipimajoto, wakawa wanakilowesha kwa etha, ambayo hukauka upesi kuliko maji, huku wakikipulizia upepo wa mvukuto. Kila walipolowesha na kukausha, baridi iliongezeka, mpaka ikapita ile ya kugandisha maji, na barafu ikaota juu ya kipimajoto, ilhali chumba chenyewe hakikuwa na baridi hata kidogo.

Mwili wako nao ni mtungi. Jasho linatoka ili likauke, na likikauka linaondoka na joto lako. Jasho linalodondoka chini bila ya kukauka halikusaidii kitu, ila limekupotezea maji na chumvi. Ndiyo maana fukuto la mwezi wa Machi, siku za maleleji, kaskazi imekwisha nguvu na kusi haijaingia, linatuchosha kuliko jua kali la Januari lenye upepo. Hewa siku hizo imeshiba mvuke wa bahari, haina pa kuupokea mwingine, na jasho linabaki juu ya ngozi. Kipepeo cha ukindu, na feni pia, havipozi hewa. Vinachofanya ni kuisukuma ile hewa iliyoshiba iliyotuzunguka na kutuletea nyingine yenye nafasi. Mtu akiliacha feni linazunguka katika chumba kisicho na mtu hapozi chochote, analipa umeme bure.

Haya ya mtungi na jasho nimeyarefusha kwa makusudi, kwani karafuu juu ya jamvi inafuata sharia ile ile, na hapo pana fedha zetu.

Frasila tatu za karafuu mbichi zikikauka vizuri hubaki kama frasila moja. Frasila mbili zilizopotea ni maji, nayo yamepaa hewani. Frasila yetu ni ratili 35, yaani karibu kilo 16, kwa hivyo maji yaliyopaa ni kama kilo 32. Nimepiga hesabu ya joto la kuyapeleka maji hayo juu, nikapata sawa na joto la kilo tano hivi za kuni kavu zilizoungua bila ya kupotea hata cheche moja. Jua linatufanyia kazi hii bure kila msimu, na hatujapata kuiandika katika daftari la hesabu.

Lakini jua peke yake halitoshi. Hewa lazima iwe na nafasi ya kupokea mvuke, na hapa ndipo jasho lako linapokuwa kipimo. Siku ambayo shati linakauka mgongoni upesi, karafuu nayo inakauka upesi. Siku ya fukuto, ambayo shati limegandamana na mwili tangu asubuhi, ujue kwamba hata jua likiwaka karafuu itakwenda polepole, basi itandaze nyembamba na uipindue mara nyingi zaidi. Wengine hufanya kinyume chake. Wakiona jua ni kali humwaga karafuu kwa unene wa shubiri ili waokoe majamvi. Ya juu ikakauka, ya chini ikakaa katika mvuke wake yenyewe.

Na ile iliyorundikwa mbichi usiku kucha ndiyo yenye khasara kubwa. Tia mkono katikati ya rundo alfajiri, utaukuta moto. Joto hilo halikutoka kwa jua. Karafuu iliyochumwa bado ina uhai, inapumua, na juu yake wamo vijidudu visivyoonekana kwa macho ambao hula na kuzaana penye majimaji. Kupumua kwao hutoa joto, na rundo halina upepo wa kuliondoa. Karafuu ya namna hiyo hutoka nyeupenyeupe, imekunjana, nyepesi mkononi, na mbele ya mizani mwenyewe huanza kutafuta maneno. Nimewahi kuwa mtu huyo, na maneno hayakuongeza kitu.

Harufu inayojaa vijijini wakati wa mavuno, ambayo wageni huisifu, ni mafuta ya karafuu yenyewe yanayopaa hewani. Msikhofu, ni kidogo sana. Mafuta hayo ni mazito kupaa kuliko maji, kwa hivyo jua huanza na maji na kuyaacha mafuta ndani.

Sasa umande. Mtu hulala usingizi akijua hakuna wingu, asubuhi akakuta karafuu aliyoiacha nje imelowana na bati linatiririka maji kama lililonyeshewa. Zamani watu walidhani umande huanguka kama mvua nyembamba. Daktari mmoja wa London, William Charles Wells, alilala nje usiku mwingi na vipimajoto na vifundo vya sufi vilivyopimwa uzito, na mwaka 1814 akaandika alichokiona. Vitu vyote vilivyotazama mbingu iliyo wazi hutoa joto lao kwenda juu na kupoa kuliko hewa iliyovizunguka. Hewa ikigusa kitu kilichopoa hivyo hushindwa kuushika mvuke wake, nao ukarudi kuwa maji. Bati hupoa upesi, ndiyo maana huwa la kwanza kulowa. Na Wells aliona kwamba usiku wenye mawingu umande ni haba, kwa sababu wingu hulirudisha joto chini. Kwa hivyo karafuu ifunikwe au iingizwe ndani kabla ya magharibi hata kama mbingu ni safi, na khasa kama mbingu ni safi. Kipupwe ndio msimu wa mtego huu.

Hapo kwenye wingu ndipo lilipo jawabu la kwanza kwa mzee wetu. Usiku wa mawingu ni kama kujifunika blanketi, na kila mtu ameujua kwa mwili wake. Mwaka 1859 mtaalamu John Tyndall huko London alianza kupima ni hewa zipi hufanya kazi kama blanketi hilo. Akaona kwamba sehemu kubwa ya hewa tunayovuta huliachia joto lipite, lakini mvuke wa maji, ingawa hauonekani, hulizuia, na hewa ya ukaa hulizuia vile vile. Hewa ya ukaa ndiyo inayotoka tunapochoma makaa ya mawe, petroli, dizeli na misitu. Tangu mwaka 1958 imekuwa ikipimwa juu ya mlima Mauna Loa katika visiwa vya Hawaii, kazi iliyoanzishwa na Charles David Keeling. Mwaka huo ilikuwa sehemu 315 katika milioni, na mwaka 2023 ilikuwa imepita 420. Blanketi limezidi unene. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote tangu watu waanze kupima dunia nzima kwa vipimajoto, umezidi kwa kiasi cha digrii moja na nusu hali ya miaka ya 1850 mpaka 1900. Digrii moja na nusu yaonekana si kitu, lakini hiyo ni kwa dunia nzima, usiku na mchana, bahari na nchi kavu pamoja. Basi mzee hakukosea alipohisi, alikosea mshitakiwa tu.

Lori lililobeba magunia yetu na boti tulizopanda zimo katika hesabu hiyo, lakini sehemu yetu ni ndogo mno, na blanketi hili hatuwezi kulikunjua sisi peke yetu. Iko hari nyingine hapa hapa nyumbani, ambayo tunaizalisha kwa mapanga yetu wenyewe, na juu ya hii nina la kusema zaidi.

Mti nao ni mtungi, tena mkubwa. Mizizi hunyonya maji, yakapanda, yakatokea katika vitundu vya majani na kukauka. Mwingereza Stephen Hales alipanda alizeti katika chungu, akakifunika chungu ili maji yasipaie njia nyingine, akawa anakipima kwenye mizani asubuhi na jioni. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1727 alieleza kwamba mmea ule mmoja ulipoteza kwa wastani wakia 20 za maji kwa siku. Hiyo ni alizeti ya urefu wa kiuno cha mtu. Mti mkubwa wenye maji ya kutosha huweza kutoa makumi ya lita kwa siku, na kila lita inapaa na joto lake. Aliyetoka barabarani saa saba za mchana akaingia Msitu wa Ngezi ameonja tofauti hiyo bila ya kusoma kitabu. Kivuli cha bati huzuia jua tu, kisha bati lenyewe likapata moto na kutumwagia. Kivuli cha mti huzuia jua na juu ya hayo kinapoza.

Mwaka juzi nilipata miche 60 ya mikarafuu. Nilitaka shamba la mfano, kwa vile ni aibu Katibu kuwa na shamba chafu. Nikakata mifenesi miwili na mwembe, nikang'oa kila jani, nikayakusanya na kuyachoma, udongo ukawa mwekundu na safi kama ua uliofagiliwa siku ya arusi. Nilipanda katika masika. Mvua zilipokuwa zikinyesha miche ilipendeza, na wapo waliokuja kuitazama wakanisifu. Mama yangu alipokuja hakusifu. Alisimama ukingoni akasema, "Mwanangu, ardhi umeivua nguo." Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Kaskazi ilipokwisha nilihesabu miche iliyo hai, nikapata 19.

Mwaka huu nilinunua kipimajoto cha kioo dukani nikenda nacho shambani, mchana wa saa nane, mwezi wa Februari. Nilikilaza juu ya udongo mtupu, nikakifunika kwa vumbi kidogo la udongo huo huo, kikapanda mpaka digrii 52. Nikakihamisha hatua tatu, chini ya majani makavu yaliyotandazwa kwa unene wa kiganja, kikashuka mpaka 31. Chini ya mfenesi wa jirani, hewani, kilisoma 30. Sasa mche wa karafuu mizizi yake ya kulia haiendi mbali chini, imo papo hapo juu, kwenye udongo ule wa 52. Mchana mmoja wa namna hiyo mche huvumilia. Mimi niliupa miezi mitatu.

Kwa hivyo mara hii nilifanya vingine. Nilipanda miche 60 tena, kila mmoja nikauchomekea makuti mawili upande wa magharibi linakotokea jua la alasiri, nikatandaza majani ya migomba na magugu niliyoyafyeka kuuzunguka, nikiacha nafasi ya vidole vinne kutoka kwenye shina ili mchwa na uozo usiupate. Migomba nimeipanda katikati ya safu iwe kivuli cha miaka ya mwanzo. Siku ya kuhesabu, mwezi wa Machi, niliikuta 51. Shamba si zuri kulitazama, na wapitaji wamekwisha kuniambia.

Najua yatakayosemwa. Kuni zinatakiwa, mbao zina bei, na mfenesi uliokomaa ni ada ya skuli ya mtoto. Sikatai. Lakini anayekata na akate baada ya kupanda, wala asikate mwezi wa Novemba au Disemba na kuiacha miche michanga mbele ya kaskazi bila ya kitu. Na majani ya palizi yasichomwe. Kuyachoma ni kuivua ardhi nguo kisha kuitia moto nguo yenyewe. Palizi ya mwisho kabla ya kaskazi na iwe ya kufyeka na kulaza chini, wala isiwe ya kuparura kwa jembe mpaka udongo uonekane.

Mikarafuu mikubwa iliyokufa na isipandwe mingine nayo huacha mwanya, na jua likaingia kupitia mwanya huo kuipiga iliyobaki pembeni, ambayo ilizoea kukingana. Wale wenye mashamba ya urithi yenye warithi wengi ndio wenye taabu hii zaidi, kila mmoja akingoja mwenziwe apande. Jambo hilo ni la kikao, halitatuliwi kwa kipimajoto, na nimeomba liwekwe katika ajenda ya mkutano ujao.

Kipimajoto chenyewe kipo ofisini, juu ya kabati, ndani ya boksi la viatu. Mwanachama atakaye kukipeleka shambani kwake na aandike jina lake na tarehe katika daftari lililo mezani, akae nacho siku mbili akirejeshe. Asikilaze juu ya bati, kwani hesabu zake zinaishia 60. Mzee aliyeniuliza suala amekwisha kuandika jina lake, ni wa kwanza.

Katibu